Kuchukua Msalaba na Kumbebesha Mwenzio

Iko kauli moja iliyozoeleka mno vinywani mwa Wakristo wa nchi zetu, hata imekuwa kana kwamba ni methali ya wahenga: "Huo ni msalaba wako, uubebe." Huambiwa mke apigwaye na mumewe, aendapo kutafuta shauri kwa wakwe zake au kwa wazee wa jumuiya, huambiwa mtumishi wa nyumbani aliyekaa miezi kadha bila kuuona mshahara wake, huambiwa mama aliyeachiwa peke yake malezi ya mtoto mlemavu, huambiwa hata mgonjwa wa siku nyingi ambaye jamaa zake wamechoka kumwuguza. Msemaji huitamka kwa sauti ya upole, akidhani ametoa nasaha ya dini, kisha huenda zake na moyo mwepesi, ilhali yule aliyeambiwa hubaki na mzigo wake ule ule, nao sasa umezidi uzito kwa kutiwa jina la Mungu juu yake.

Makusudio ya makala haya ni kuipinga kauli hiyo, wala si kwa hoja za watu wasioitakidi dini, bali kwa hoja za Msalaba wenyewe, kama Kanisa Katoliki linavyoufundisha na kuutukuza. Msalaba wa Kristo ni pendo lililojitwika mzigo wa wengine kwa hiari, na mtu amwambiaye mwenziwe aubebe, kisha yeye akasimama kando na mikono mitupu, ameugeuza ukawa kinyume cha maana yake, hata kama maneno yake yamevikwa joho la ibada.

Ili jambo hili lieleweke vema, hapana budi tuukumbuke kwanza udhalili wa Msalaba, ambao mazoea yetu ya karne nyingi yameufunika kwa dhahabu na maua. Katika dola ya Warumi, kusulubiwa ilikuwa adhabu ya watumwa na waasi, na kwa kawaida haikumpata raia wa Rumi, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ni fedheha isiyomstahili mtu mwenye hadhi. Mwaka 71 kabla ya Kristo, uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa, mateka wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara kuu itokayo Capua kwenda Rumi, ili kila mpitaji apate kuona yampatayo mtumwa anyanyuaye kichwa. Mtu aliyesulubiwa aliuawa polepole, uchi, hadharani, kusudi afe pamoja na heshima yake. Ndiyo sababu Wakristo wa karne za mwanzo walikuwa wazito kuuchora Msalaba hadharani, na miongoni mwa sanamu za kale zaidi za Yesu msulubiwa zilizosalia ni ile iliyochongwa katika mlango wa mbao wa kanisa la Mtakatifu Sabina huko Rumi, ambayo ni ya karne ya 5, baada ya Kaisari Konstantino kuwa amekwisha kuikomesha adhabu yenyewe.

Kwa watu wa pwani yetu habari hii haikosi uzito wa namna ya pekee. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakajenga misheni yao Bagamoyo, mahali ambapo misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliishia, na miongoni mwa watu wao wa kwanza walikuwamo watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Aliyepata kufungwa minyororo, kisha akasimuliwa ya kwamba Mwana wa Mungu alitwaa hali ya mtumwa, kama Mtakatifu Paulo alivyowaandikia Wafilipi, na ya kwamba alikufa kwa mauti waliyowekewa watumwa, hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia sana. Habari hiyo haikumwambia kwamba minyororo ni mizuri; ilimwambia kwamba Mungu hayuko upande wa mwenye kufunga.

Sasa tutazame jinsi Yesu mwenyewe alivyoliendea jambo hili. Katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe kile kimwepuke ikiwezekana, na ombi hilo latosha kuwa ithibati kwamba hakuyapenda mateso kwa kuwa ni mateso. Alikubali alipoona kwamba hapana njia nyingine ya kuwa mwaminifu kwa Baba na kwa watu aliotumwa kwao. Na katika Injili ya Yohane anaeleza kwamba hakuna amwondoleaye uhai wake, bali yeye autoa kwa hiari yake. Upande wa pili, tukizipekua Injili zote nne tangu mwanzo hadi mwisho, hatutaona mahali popote ambapo alimwambia mkoma, au kipofu, au mjane aliyefiwa na mwanawe wa pekee, kwamba hali yake hiyo ni msalaba wake na aende akauchukue. Wote hao aliwaponya, au aliwafuta machozi, au aliwarudishia wapendwa wao. Neno la kuchukua msalaba aliwaambia watu waliotaka kumfuata, nalo Luka analiongezea kwamba ni la kila siku. Na huyo aliyelisema alikuwa njiani kwenda Yerusalemu kuuchukua wa kwake. Kwa hiyo neno hilo ni mwaliko wa mtu atanguliaye mbele, wala halikuwa amri ya mtu aliyekaa kivulini.

Kanisa Katoliki limeilinda maana hiyo kwa namna nyingi katika ibada zake. Madhehebu mengine ya Kikristo hupenda msalaba mtupu, kwa kuwa Kristo amefufuka, na sababu yao ni njema. Lakini Mkatoliki aghalabu huweka juu ya mti ule sanamu ya Msulubiwa, ili asisahau kwamba wokovu wake ulimgharimu mtu mwenye mwili, mwenye jina na mwenye mama aliyesimama pale chini akitazama. Tangu siku ya Ubatizo, padre na wazazi na wasimamizi wanapomtia mtoto ishara ya msalaba katika paji la uso, hadi siku ya kuzikwa, maisha ya Mkatoliki yamezungushiwa alama hiyo. Tertullian, mwandishi wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, anasimulia jinsi Wakristo wa zama zake walivyokuwa wakijitia alama hiyo katika paji la uso kila waingiapo na watokapo, wavaapo nguo, waketipo mezani, wawashapo taa na walalapo. Kwa hiyo mkulima wa siku zetu ajitiaye ishara ya msalaba kabla ya kushika jembe anafuata sunna ambayo Afrika iliijua kabla ya nchi nyingi za Ulaya kuisikia Injili.

Lakini kitu kinachoheshimiwa sana ni chepesi kuharibiwa na heshima yenyewe, na Msalaba umepatwa na maharibiko ya namna mbili ambayo yote yana undugu na kauli niliyoitaja hapo mwanzo.

Namna ya kwanza ni kuufanya hirizi. Mwanamke msafiri aitwaye Egeria, aliyekwenda Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4, ameeleza jinsi siku ya Ijumaa Kuu askofu alivyoketi akiushika kwa mikono yake mti ulioaminiwa kuwa ni wa Msalaba wa kweli, na waumini wakapita mmoja mmoja kuubusu, huku mashemasi wamesimama wakilinda. Kwa sababu, asema, ilisimuliwa kwamba mtu mmoja alipata kuung'ata mti ule akaondoka na kipande kinywani. Mtu yule hakufa bila kuacha wazao. Wapo hata leo watu waning'inizao misalaba ndani ya magari kisha wakaendesha mbio pasipo hadhari, na wapo wavaao mikufu ya dhahabu yenye msalaba wakitarajia kwamba itawakinga na husuda na kuwaletea riziki, na mikononi mwao hapana tendo hata moja la Msalaba. Msalaba uliobarikiwa ni katika vile Kanisa liviitavyo visakramenti, ambavyo huandaa moyo upokee neema na kushirikiana nayo. Bali moyo usiotaka kushirikiana, kipande cha mti hakiwezi kuulazimisha. Tena walio na dhana hiyo ndio wepesi wa kumhukumu aliyepatwa na msiba, wakisema bila shaka imani yake ilikuwa haba.

Namna ya pili ni kuufanya bendera ya wenye nguvu. Katika pwani ya Malindi ingali imesimama nguzo yenye msalaba wa mawe kileleni, ambayo asili yake ni safari ya Vasco da Gama ya mwishoni mwa karne ya 15, na msalaba ule ulibeba nembo ya mfalme wa Ureno. Baada ya miaka 100 hivi, Mombasa ilijengewa ngome iliyopewa jina la Yesu, nayo ikawekwa mizinga. Sitaki kusema kwamba kila Mreno aliyepita hapa alikuwa dhalimu. Lakini madhali alama ya aliyeuawa na wenye nguvu ilisimikwa na wenye nguvu ili kuonyesha mpaka wa enzi yao, hatuwezi kushangaa kwamba wengi wa mababu waliiona kuwa alama ya hofu. Kanisa lenyewe halikulificha jambo hili. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alisimama katika kisiwa cha Gorée, nchini Senegali, akaomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki katika biashara ya watumwa. Na tarehe 12 Machi 2000, katika Basilika la Mtakatifu Petro, yakaungamwa hadharani makosa ya wana wa Kanisa ya karne nyingi, na mwisho wa maungamo hayo yule mzee mgonjwa akaikumbatia sanamu ya Msulubiwa na kuibusu. Hapo Msalaba ulirudishwa mahali pake, mbele ya mwenye kutubu.

Kumbebesha mwenzio msalaba ni katika maharibiko hayo hayo. Mwenye hirizi ataka Msalaba umwondolee taabu, na mwenye bendera ataka umwongezee amri. Naye amwambiaye mwenziwe "ubebe tu" ataka umwepushe na wajibu. Wote watatu wamekubaliana kwamba Msalaba ufanye kazi kwa ajili yao, wala wao wasiufanyie kazi.

Dawa ya jambo hili tunayo, nayo tunaisali kila Ijumaa ya Kwaresima katika parokia na vigango vyetu. Njia ya Msalaba, ambayo idadi ya vituo vyake 14 ilithibitishwa na Papa Klementi XII mwaka 1731, ina kituo cha tano, ambapo Simoni wa Kirene amsaidia Yesu kuuchukua Msalaba. Kirene ulikuwa mji wa Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Libya, na Marko anamtaja mtu huyu pamoja na wanawe Aleksanda na Rufo, dalili kwamba walijulikana na Wakristo wa kwanza. Ni kweli kwamba Simoni hakujitolea. Alikuwa akitoka shamba, askari wakamshika kwa nguvu. Lakini hebu tufikiri: hata askari wale wa Kirumi, ambao huruma haikuwa kazi yao, walitambua kwamba mzigo ule umemshinda mtu mmoja, wakamtafuta wa pili. Hapana aliyemwambia Yesu, alipoanguka, kwamba huo ni msalaba wake, basi aubebe. Sisi tunaopiga magoti katika kituo hicho, kisha tukatoka nje na kumwambia jirani neno ambalo hata wauaji wa Bwana hawakulisema, tumesali nini?

Najua litakalojibiwa, nalo ni jibu lenye haki yake. Itasemwa kwamba imani yetu yafundisha subira. Kwamba yako mateso yasiyoondoleka, kama vile kufiwa, na uzee, na maradhi yaliyowashinda matabibu. Na kwamba Mkatoliki huyatolea mateso hayo pamoja na ya Kristo, kama Paulo alivyowaandikia Wakolosai juu ya mateso yake mwenyewe. Yote hayo ni kweli, nami nimewaona wazee waliofikia utulivu ambao afya na mali haziwezi kuununua, kwa sababu walijua kwamba maumivu yao hayaendi bure. Lakini mwenye kutoa sadaka ni mwenye mali. Hapana awezaye kuyatolea mateso ya mwingine kwa niaba yake bila ridhaa yake. Tena barua ya Papa Yohane Paulo II juu ya mateso, iliyotolewa tarehe 11 Februari 1984, baada ya kueleza kwa kirefu jinsi mateso yanavyoweza kuwa na thamani ya wokovu, inafika hatimaye kwa Msamaria Mwema, na kutufundisha kwamba mateso ya mtu yanatudai sisi wengine upendo wa kutenda. Naye Paulo, katika sura moja ya barua kwa Wagalatia, anasema kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe, na katika sura hiyo hiyo, mistari michache kabla, anaagiza tuchukuliane mizigo. Sisi tumelishika neno la pili katika mpango wake, tukaliacha lile alilolitanguliza.

Ugonjwa huu, kwa kweli, si wa Wakristo pekee. Jirani zetu Waislamu, ambao itikadi yao haikubali kwamba Nabii Isa alisulubiwa, nao pia wanamjua yule mtu aambiwaye "subiri" na watu ambao lau wangetaka wangeweza kumwondolea dhuluma. Nao wanayo katika dini yao hoja za kutosha za kumkanya msemaji wa namna hiyo. Subira ni fadhila ya mwenye kupatwa, wala si ngao ya mwenye kumpatiliza au ya mwenye kutazama.

Wala isidhaniwe kwamba kuchukua msalaba ni kuinamia dhuluma bila kusema kitu. Mashahidi wa bara letu wanafundisha mengine kabisa. Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alikuwa mkubwa wa vijana wa baraza la Kabaka Mwanga, na chanzo kimojawapo cha mauti yake ni kwamba aliwalinda wale wadogo dhidi ya matakwa machafu ya mfalme. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, mtawa wa Shirika la Jamaa Takatifu huko Kongo, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alimkatalia afisa wa waasi aliyetaka kumfanya mke kwa nguvu. Alikataa kwa maneno, alikataa kwa mwili, na alipokuwa akipigwa alimsamehe muuaji wake. Lau mtu angemwendea mmoja wa wale vijana, au Anuarite, akamshauri akubali tu kwa kuwa huo ndio msalaba wake, angekuwa amemshauri autupe. Msalaba wao ulikuwa katika kukataa, na katika kulipa gharama ya kukataa.

Ndipo tunapofika kwenye mambo ya nyumbani. Mke apigwaye aambiwapo kwamba ndoa ya Kikatoliki haivunjiki na kwa hiyo avumilie fimbo, huwa ameelezwa nusu ya sheria. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema wazi kwamba mwenzi anayehatarisha vibaya roho au mwili wa mwenziwe au wa watoto, humpa huyo mwingine sababu halali ya kuondoka kwa idhini ya askofu, na ikiwa kukawia kuna hatari, hata kwa mamlaka yake mwenyewe. Kifungo cha ndoa hubaki. Lakini mwili wa mtu haukufungwa kwa mwenye kuupiga. Mtumishi asiyelipwa naye ana Katekisimu upande wake, kwa kuwa kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kumehesabiwa tangu zamani katika dhambi zinazolia mbinguni. Na kuhusu wagonjwa, kila hospitali iliyojengwa na Kanisa, kuanzia Bugando kule Mwanza hadi Nsambya kule Kampala, ni hoja iliyosimamishwa kwa mawe. Kwani kama ugonjwa ungekuwa ni msalaba wa kuachiwa mwenyewe tu, watawa wale wangekaa konventini wakisali, wala wasingekesha wodini wakibadilisha bandeji.

Kwa hiyo nashauri, na nawashauri hasa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, ambao ndio wanaoyasikia ya watu kabla ya paroko, kwamba neno la msalaba lisitamkwe kwa mtu mwenye shida mpaka msemaji awe amefanya alilo na uwezo nalo. Mke akija na alama za kipigo, wazee wamwendee mume kwanza, wamtafutie mke mahali pa salama, na ikibidi washitaki. Mtumishi akidai haki yake, mwajiri aulizwe mbele ya mashahidi. Mgonjwa akiwa peke yake, igawanywe zamu ya kumwuguza. Yakiisha kufanywa hayo, na ikasalia taabu ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuiondoa, hapo ndipo wenziwe wanaweza kuketi naye na kumkumbusha Msulubiwa, kwa kuwa watakuwa wanamwambia habari za msalaba ambao wao nao wameshika ncha yake. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo na anyamaze. Kunyamaza kwake kutakuwa na dhambi yake, lakini walau hatakuwa amemsingizia Kristo.